Konokono Wako Wanakula Nini?

Shikamooni wakubwa zangu, vijana hamjambo. Mmenialika niwaambie habari za konokono wanaojaa kwenye matangi yenu ya samaki, na nimeambiwa nina saa moja. Mimi ni mwalimu wa baiolojia mstaafu, na mwalimu mstaafu ukishampa meza na watu wa kumsikiliza, kumnyang'anya ni kazi. Mwenye haraka akae karibu na mlango.

Nimekuja na chupa hii. Zamani ilikuwa ya jamu. Ipitisheni taratibu, msiitikise. Ndani mna maji ya tangi langu la sebuleni, jani moja la mchicha nililolichovya kwenye maji ya moto, na konokono 41. Nimewahesabu leo asubuhi kabla ya chai. Jana usiku nilipolitia lile jani lilikuwa zima. Sasa limebaki mishipa mitupu, kama wavu uliotundikwa mwaloni.

Ambaye chupa imemfikia asitazame kwa juu. Ainyanyue usawa wa macho amtafute konokono aliyeng'ang'ania kioo. Mnaona pale chini ya kichwa pana kitundu kinafunguka na kufumba? Anakula. Kila kinapofunguka anatoa ulimi wenye meno madogo madogo, anakwangua, anaurudisha ndani. Kioo ambacho wewe unakiona kisafi, yeye amekiona kina utando wa ukoga, anaupiga msasa. Huo mdomo haujui Jumapili wala sikukuu. Uwekeni akilini, tutaurudia.

Kwenye sahani hii nimeweka magamba matupu ya aina tatu. Chukueni kwanza hili dogo linalong'aa, kama punje ya mtama iliyovimba. Lisimamishe ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukutazame wewe. Mdomo uko upande gani? Kushoto. Konokono walio wengi mdomo wao uko kulia. Huyu ni wa shoto. Wataalamu wanamwita Physa acuta. Jina hilo lilitolewa mwaka 1805 na Mfaransa aitwaye Draparnaud kwa konokono wa mto Garonne, Ufaransa, na kwa muda mrefu watu wa Ulaya wakaamini ni wa kwao. Kumbe asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Alihamia kimyakimya, akakutwa, akaandikishwa kama mwenyeji. Ndivyo alivyoingia na kwenye tangi lako: hukumwona akija, ulimwona akiwa tayari na wajukuu.

Na wajukuu hawamsumbui kuwapata. Huyu ni dume na jike kwa pamoja. Akipata mwenzake vizuri, akikosa anajitungisha mwenyewe. Kile kitone cha ute unachokiona chini ya jani, kama tone la uji wa muhogo lililoganda, ndani mna mayai kwa makumi. Kwenye joto letu la Mwanza, wiki moja hadi mbili yameanguliwa.

Gamba la pili ni hili bapa, limejizungusha kama mkanda wa suruali ukiukunja uuweke kabatini. Baadhi yao wanauzwa wakiwa wekundu, na watu wanawanunua kwa urembo. Wekundu ule si rangi ya nje. Ni damu yake, ina himoglobini kama yangu na yako, na kwa kuwa mwili hauna rangi nyingine ya kuificha, inaonekana. Huyu bapa nitamrudia baadaye, na safari hiyo sitakuwa nacheka.

La tatu ni refu, lina ncha, kama skrubu. Melanoides tuberculata. Asili yake ni Afrika na Asia, kwa hiyo hapa ni kwao. Mchana analala chini ya changarawe, usiku anatoka. Walio wengi ni majike watupu, wanazaa bila dume, na hawatagi. Wanatoa watoto hai, wadogo kama chembe ya mchanga. Mtu anaweza kukaa naye mwaka mzima asijue, mpaka siku ameamka saa nane za usiku kunywa maji, amewasha taa, kioo chote kimejaa skrubu. Mzee mmoja alinipigia simu saa hiyohiyo. Alidhani ni uchawi.

Sasa, mmenialika niwaambie namna ya kuwaua. Nitawaambia. Ila kwanza mnijibu ninyi: wanakula nini?

Konokono hali hewa. Hatengenezi chakula kwa jua kama mmea. Kila gramu ya mwili wake imetoka mahali fulani, na kwenye tangi la kioo lililofunikwa pale sebuleni, mahali ni pamoja tu: mkono wako. Umetia chakula, samaki wamekula kiasi, kilichobaki kimezama kati ya changarawe. Au samaki wamekula wakanya, mwanga ukakuza ukoga juu ya mbolea ile, konokono akaula ukoga. Au jani la mmea limekufa hujaliondoa. Konokono mia tatu ni chakula ulichomwaga, kimeota magamba.

Ngoja niwaambie ya nyumbani kwangu, maana sikuyajua haya kitabuni. Nilikuwa nalisha asubuhi. Mama watoto akipita saa nne anaona wale gapi, samaki wangu wadogo wa mapambo, wamejaa mbele ya kioo wanachezesha mikia, anawaonea huruma, anawatupia. Jioni mjukuu anatoka shule: "Babu, wana njaa, wanafungua midomo." Anamimina. Si kubana kwa vidole, anamimina, kama anayetia sukari kwenye chai ya mgeni. Hakuna aliyejua mwenzake ameshalisha. Na gapi, ndugu zangu, hata akiwa ametoka kula sasa hivi, atakuomba. Ndivyo alivyoumbwa. Tumbo lake kwa kukadiria halizidi jicho lake. Litazameni jicho la gapi halafu mtazame mnachobana kwa vidole.

Nilichofanya ni kulifungia kopo la chakula kabatini. Funguo nikakaa nayo mimi. Asubuhi tonge moja dogo, nasimama pale pale natazama, kinatakiwa kiwe kimeisha kabla ya dakika mbili. Kikibaki, kesho napunguza. Jumapili hakuna chakula, na samaki mkubwa mwenye afya siku moja haimdhuru. Mjukuu alilia siku mbili. Nikampa kazi ya kuhesabu konokono kwenye kioo cha mbele, kila Jumamosi, anaandika kwenye daftari la hesabu. Wiki ya kwanza 96. Wiki ya pili 103, akaja kunicheka. Ya nne 88. Ya saba 40 na kitu. Baada ya mwezi wa tatu aliacha kuandika kwa sababu alikuwa anahesabu vidole vya mkono mmoja. Sikuwa nimeua hata mmoja. Waliokuwepo walizeeka wakafa, na mayai hayakuwa mengi ya kuwarithi.

Ndiyo maana mtu akiniambia tangi langu limevamiwa, siulizi ni konokono aina gani. Nauliza nani analisha.

Pamoja na chakula kuna mwanga. Kama tangi liko dirishani linapigwa na jua la mchana, hata ukilisha kama mfungwa, ukoga utaota na konokono atashiba. Lisogeze. Taa isizidi saa nane kwa siku. Na kila wiki ukipunguza maji, usiyachote juu kwa kikombe. Tia mpira uchimbe changarawe, unyonye uchafu wa chini. Nikisema unyonye namaanisha mpira ndio unyonye. Ujaze maji kwanza kwenye ndoo, uzibe kwa kidole, uuinamishe. Usiuvute kwa mdomo. Sababu inakuja.

Haya, mna wageni Jumamosi na mnataka wapungue leo. Fanyeni nilivyofanya kwenye hiyo chupa. Kipande cha tango, au jani la mchicha au saladi, lichovye kwenye maji ya moto lilegee, lifunge kwenye kijiko cha chuma ili lizame, litie tangini unapozima taa. Alfajiri, kabla hujawasha taa, nyanyua kijiko taratibu. Utainua na kundi zima. Mara ya kwanza nilipofanya hivi mlio uliotoka nilipokung'uta kijiko kwenye ndoo ya bati ulikuwa kama mvua ya mawe. Rudia usiku tatu, nne. Ila ukisahau kulitoa asubuhi, umewapikia wali. Wanaobaki kwenye kioo unaweza kuwaponda kwa kidole, gapi wenyewe watamalizia nyama. Kwa wale waliozaliwa tangini tu, tafadhali. Wa kutoka ziwani hawapondwi kwa mkono mtupu.

Dawa. Naona mnajisogeza vitini, hapa ndipo mlipokuwa mnapangoja. Nitawasimulia ujinga wangu halafu mwamue.

Miaka mingi nyuma, kabla ya ile ya kopo na funguo, nilikuwa na tangi la furu 14, samaki wa ziwani kwetu. Nilikuwa nimewapata kwa wavuvi wakiwa wadogo, nimewakuza mwenyewe, madume yameanza kutoa rangi. Konokono walikuwa wengi kiasi kwamba kioo cha nyuma hukioni. Nikaenda duka moja la pembejeo, nikaeleza shida yangu, muuzaji akanifungia mrututu kwenye gazeti. Mrututu mnaujua, ile chumvi ya buluu wanayopulizia kahawa. "Kijiko kimoja tu, Mwalimu." Nikatia kijiko kimoja.

Usiku huohuo konokono walianguka. Kweli mrututu ni shaba, na shaba inaua konokono, sikudanganywa. Asubuhi nikafurahi. Jioni maji yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na nikifungua kifuniko harufu inanifuata mpaka mlangoni. Fikirini mamia ya maiti chini ya changarawe, kwenye maji yenye joto, kila moja ndani ya jeneza lake, zinaoza. Amonia inapanda kwa saa, si kwa siku. Furu wakapanda juu wanatweta. Nikabadilisha maji usiku mzima kwa ndoo, na mama watoto ananishikia taa. Walibaki watatu.

Na hata kama maiti zisingeoza, shaba yenyewe haimchagui konokono. Maji yakiwa hayana madini mengi, shaba inakuwa kali zaidi kwa samaki, na maji ya bomba ya hapa Mwanza yanatoka Ziwa Victoria, ni maji laini. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kwa maji ya nchi nyingine kinaweza kuwa sumu hapa. Kamba wadogo wa mapambo ndio usiseme kabisa, hao wanatangulia kabla ya konokono. Sijagusa mrututu tena. Kuna wanaotumia dawa za minyoo za mbuzi, zile za jamii ya fenibendazo, nazo zinaua baadhi ya konokono, na nazo zitakuachia maiti zilezile chini ya changarawe zilezile. Ukiona lazima utumie dawa, toa kwanza konokono wote unaoweza kuwatoa kwa mkono. Inayoua samaki mara nyingi ni ile maiti ambayo hukuiona.

Samaki wa kula konokono je? Wapo, na wa ajabu kuliko wote yuko hapahapa ziwani kwetu. Kuna furu mmoja, Astatoreochromis alluaudi, ana taya la pili kooni. Furu wote wanalo, ila la huyu limekuwa kinu: nene, lina meno butu kama magego ya ng'ombe. Anamdaka konokono, anamsukuma nyuma, halafu unasikia, kwa kweli unasikia ukiwa umesimama kando ya tangi, kah! Anatema vipande vya gamba, anameza nyama. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani kioo kimepasuka.

Wataalamu walimpenda sana. Walimpandikiza kwenye mabwawa Kenya na Kameruni wakidhani amewamalizia kazi ya konokono. Lakini mwaka 1965 mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood alikuwa ameshaandika jambo ambalo nilikuwa nikiwasomea wanafunzi kila mwaka: furu huyuhuyu akikuzwa bila konokono, akalishwa chakula laini, lile taya la kooni halinenepi. Linabaki jembamba. Na kule bwawani, samaki akipata cha ulaini hana sababu ya kuvunja mawe. Kwa hiyo rudini kwenye kopo. Ukimnunua samaki mla konokono huku mkono wako unamwaga vidonge mara tatu kwa siku, umeongeza mlaji mmoja wa vidonge.

Wa madukani nitawapitia haraka. Botia mwenye milia myeusi na rangi ya chungwa, anatoka Sumatra na Borneo, anakula konokono vizuri, na dukani ana urefu wa kidole. Hawakuambii kwamba anaweza kufika sentimita 30 na anataka wenzake watano. Pufa mdogo wa India Kusini ni mtamu wa kumtazama, akimaliza konokono anahamia mapezi ya majirani. Konokono muuaji, yule mwenye pete za njano na kahawia, anakula wenzake polepole bila fujo, na kwa tangi la gapi ndiye ningemchagua, kama unampata. Kuna kijana aliniuliza juu ya kamongo. Ndiyo, kamongo anatafuna konokono kama karanga. Anapita mita moja. Mfugie bafuni.

Sasa nirudi kwa yule bapa. Chupa imefika wapi? Endeleeni nayo.

Wengi wenu mimea yenu hamuinunui. Mnashuka ziwani, mnajikusanyia, ni bure, na ni mizuri kuliko ile inayoletwa kutoka nje. Sikatai, na mimi nimefanya hivyo miaka 20. Lakini ziwa letu lina konokono bapa wa jamii ya Biomphalaria, na huyo ndiye anayembeba mdudu wa kichocho cha matumbo. Kile cha mkojo kinabebwa na Bulinus. Na Bulinus, sikilizeni vizuri, naye ni wa shoto. Mdomo wake uko kushoto kama wa Physa niliyewaonyesha. Kuna tofauti, Physa anang'aa zaidi, lakini kwa macho ya mtu aliyesimama kwenye tope na ndoo mkononi, sahauni. Hata mimi sijiamini. Kwa hiyo msiulize ni konokono gani, ulizeni ametoka wapi.

Nieleze vizuri, maana hofu nayo ina hasara zake, na nimemwona mama mmoja akimwaga tangi zima la mtoto wake kwa kuogopa kichocho. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo hao Cairo mwaka 1851. Ilichukua miaka 64, mpaka 1915, Mskoti Robert Leiper kuthibitisha hukohuko Misri kwamba mdudu wa kichocho hapiti kwenda kwa mtu bila kupitia konokono. Mtu anajisaidia majini, mayai ya mnyoo yanapasuka, kijidudu kinaogelea kumtafuta konokono wake maalumu, kinaingia, kinazaliana humo ndani kwa wiki kadhaa, kisha wanatoka maelfu kwa maelfu, hasa kukiwa na mwanga, wanatafuta ngozi. Wasipopata mtu, ndani ya siku mbili wamekufa.

Sasa tazameni tangi lako. Konokono aliyezaliwa humo hana kichocho, kwa sababu konokono hampi mwanawe, wala hawaambukizani wenyewe kwa wenyewe. Angekitoa wapi? Labda awe na mtu anayekojoa tangini, na hilo ni suala la familia, sitaingilia. Lakini yule mmoja aliyekuja na mmea wa jana kutoka ziwani, kama aliambukizwa hukohuko, ataendelea kumwaga vijidudu ndani ya tangi muda wote atakaoishi. Na wewe unatia mkono mpaka kwenye bega kupanga mawe. Na unavuta mpira kwa mdomo. Ndiyo sababu niliyowaahidi.

Kwa hiyo mmea wa ziwani unauingiza nyumbani hivi. Ukienda kuuchuma, buti na glavu za mpira, na kama huna acha kuingia majini, mwombe mvuvi akuvutie kwa pondo. Nyumbani, ukiwa bado na glavu, uukung'ute kwenye ndoo nyeupe, utaona konokono wakianguka. Ng'oa majani yenye vitone vya ute. Halafu dawa ya kuchovya. Kwa mimea migumu yenye majani mazito, kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe 19 vya maji, dakika moja na nusu, isizidi mbili, kisha suuza, suuza, suuza tena. Ukisikia harufu ya jiki bado, suuza. Lakini mimea laini, ile yenye majani kama sindano inayoelea, na ile ya majani marefu kama utepe, jiki inaiyeyusha. Nimepoteza beseni zima. Hiyo itie kwenye maji ya shabu. Vijiko viwili vya mezani vya shabu iliyosagwa kwa lita nne za maji, iache siku nzima, mbili ni bora kwa ajili ya mayai.

Nimesema shabu. Ile nyeupe ya kinyozi, inayotuliza maji machafu. Sikusema shaba. Kuna mwanafunzi wangu alinisikia vibaya kwenye simu akarudi kwenye mrututu, na simu ya pili aliyonipigia sikufurahia kuipokea.

Ukimaliza, mmea haujaingia tangini bado. Ukae kwenye ndoo peke yake wiki tatu au nne, mahali penye mwanga. Yai lililosalimika litaanguliwa humo na utamwona mtoto kwenye ukuta wa ndoo, kama nukta ya kalamu. Ukimwona, rudia. Mtu atasema Mwalimu, wiki nne ni nyingi. Kweli ni nyingi. Mimi nina ndoo tatu nyuma ya jiko, zinapokezana, mama watoto anazichukia. Na kama ulikwisha kuingia ziwani bila buti, na huku kwetu ni nani hajaingia, kapime. Kipimo ni choo na mkojo, dawa ipo.

La mwisho, halafu maswali. Konokono ulionao kwenye kijiko asubuhi unawapeleka wapi? Wengi mnamwaga mtaroni. Mtaro wa hapa mjini unaingia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Wa ziwani akirudi ziwani amerudi kwao, lakini yule wa dukani si wa huku. Mmesikia ya Mwea? Kule Kenya, kwenye mashamba ya mpunga, mwaka 2020 alionekana konokono mkubwa wa Amerika ya Kusini, Pomacea canaliculata, anayetaga mayai ya waridi juu ya maji, kwenye mabua. Anakata mche mchanga wa mpunga chini, mkulima anaamka anakuta shamba lina madirisha. Huko Asia alipelekwa Taiwan kati ya 1979 na 1980 ili afugwe aliwe. Hakupendwa mezani, akamwagwa, akaingia mashambani. Ndugu zake wa karibu wanauzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo kwa sababu ni wazuri, na ni kweli ni wazuri. Ukiona kwenye tangi lako kishada cha mayai ya waridi juu ya usawa wa maji, kama zabibu ndogo zilizobandikwa, kibandue ukiponde. Na hao wengine, watie kwenye mfuko wa plastiki, friza usiku kucha, au waponde na buti uwafukie kwenye udongo mkavu. Mtaroni hapana.

Maswali. Ndiyo, dada yangu kule nyuma.

"Shikamoo Mwalimu." Marahaba. "Mwanangu anawapenda kuliko samaki. Amewapa majina. Nikiwaua atanisumbua."

Usiwaue. Waliozaliwa humo tangini? Basi mchagulie 20 au 10, mpe chupa yao kubwa na jani la mchicha, na ganda la yai lililooshwa wapate chokaa, maana maji yetu laini yanayala magamba yao yanakuwa meupe kwenye ncha. Sikuja kusema konokono ni adui. Na mimi wangu sijawamaliza. Wale skrubu nimewaacha wanipindulie changarawe, na siku nikiwaona wote wamepanda juu mchana kweupe najua hewa imepungua majini kabla samaki hawajaniambia.

Ndiyo, mzee. Chumvi? Chumvi ya kuua konokono itaua na mimea. Hapana.

Kijana. "Mwalimu, umesema usiku tatu za tango. Na ukiacha kulisha kabisa wiki nzima?" Utapata samaki wembamba na konokono wanene, maana mwenye ukoga hapungukiwi. Punguza, usikate.

Chupa imerudi? Haya, lete hapa mbele. Nani alifungua kifuniko? Haidhuru, nilisema mtazame, sikusema msifungue. Ngojeni nivae miwani. Thelathini na saba, nane, tisa... arobaini. Geuza kidogo. Arobaini. Niliingia na 41, na huyu mdogo wa shoto anatembea nje ya maji bila shida. Mstari wa tatu, tazameni chini ya viti kabla hamjasimama. Na wewe mwenye mkoba uliokuwa wazi, ukifika nyumbani uukung'ute kwenye ndoo nyeupe.